Miwani ya VR kwa watengenezaji wa nyumba za kontena: mteja atembee ndani kabla chuma hakijakatwa

Maswali ninayopokea kutoka kwa mafundi na wasanifu chipukizi kuhusu miwani ya VR, ile inayokuonyesha jengo la 3D kana kwamba umo ndani yake, ni yaleyale. Je, lazima niwe na kompyuta ya bei mbaya? Simu haiwezi kutosha? Mama mwenye umri mkubwa akivaa miwani hii hatapata kizunguzungu? Na kama picha za 3D ninazo tayari, hii miwani inaniongezea nini? Nayajibu yote hapa, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, nikitumia mfano wa nyumba na ofisi za kontena kwa sababu ndizo ninazoshughulika nazo. Ukitengeneza vyumba vya paneli au fremu za chuma zinazounganishwa, hatua ni hizihizi, vipimo tu ndivyo vitabadilika.

Nianze na swali la mwisho. Kontena la kawaida lina upana wa ndani wa mita 2.35, liwe la futi 20 au la futi 40. Mteja akiona namba hiyo kwenye ramani anaitikia kwa kichwa, na kwenye picha nzuri ya 3D chumba kinaonekana kikubwa kwa sababu picha hizo hupigwa kwa pembe pana. Siku ya makabidhiano ndipo anagundua kitanda kimeziba njia. Miwani inampa upana ule kwa mwili wake mwenyewe, siku ambayo bado ukuta unaweza kuhamishwa kwa kubofya. Kama huna mpango wa kuitumia kwa uamuzi wa namna hiyo, na unataka tu mteja aseme "wow", baki na picha zako, zitakutosha.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Miwani ya VR inayojitegemea, isiyohitaji kuchomekwa kwenye kompyuta. Mfano wa kawaida ni Meta Quest 2, Quest 3 au Quest 3S. Iliyotumika ni sawa, ila kagua lenzi kabla hujalipa: doa jeupe au la njano lisilofutika mara nyingi ni alama ya kuunguzwa na jua.
- Kompyuta ya kawaida yenye Blender. Programu hii ya kuchorea vitu vya 3D ni ya bure. Kama umezoea SketchUp au programu nyingine ya kuchorea majengo, endelea nayo mradi iweze kutoa faili la GLB (aina ya faili inayobeba mchoro wa 3D pamoja na rangi zake), au faili ambalo Blender italifungua.
- Intaneti ya kutosha kupandisha faili la megabaiti chache. Hotspoti ya simu inafaa.
- Nafasi tupu ya mita 7 kwa 3, yenye mwanga na kivuli.
- Futi kamba, kiti kisicho na magurudumu, kitambaa laini cha kufutia lenzi, na vitambaa safi vya pamba vya kukinga uso, kimoja kwa kila mteja.
- TV au skrini ya kurushia picha, ili wewe na familia ya mteja muone anachokiona.

Simu ndani ya boksi la kadibodi haitoshi kwa kazi hii. Inakuruhusu kugeuza kichwa tu. Ukipiga hatua mbele, chumba nacho kinakufuata, kwa hiyo huwezi kujua kama njia inapitika. Itumie kumwonyesha mtu rangi, lakini usiitumie kuamua vipimo.

HATUA

1. Mhoji mteja, kisha pima vitu vyake. Uliza nani atakaa humo, ana urefu gani, anatumia mkono gani, kuna mtu wa kiti cha magurudumu, friji ipo au itanunuliwa. Kama kitanda, kabati au jokofu la biashara tayari analo, nenda ukalipime au akutumie picha yenye futi kamba juu yake. Kitu ambacho kipo kweli kina nguvu kuliko samani yoyote ya kupakua mtandaoni.

2. Jenga ganda moja sahihi na ulihifadhi. Kontena la futi 20 kwa nje lina urefu wa mita 6.058, upana wa mita 2.438 na kimo cha mita 2.591. Kwa ndani ni takriban mita 5.9 kwa 2.35 kwa 2.39. La futi 40 kwa nje lina urefu wa mita 12.192. Yale marefu ya kwenda juu, haikyubu, kimo chake cha nje ni mita 2.896 na cha ndani karibu mita 2.7. Chora kwa mita. Weka nguzo nne za kona, mihimili ya juu na ya chini, na milango yake miwili ya nyuma. Hili ganda ndilo mtaji wako: kila mteja anayekuja unanakili faili, huanzi upya.

Sifuri ya mchoro wako, yaani pale vipimo vyote vinapoanzia, iwe sakafuni, katikati ya kizingiti cha mlango wa kuingilia. Utanishukuru ukifika hatua ya 7.

3. Chora unene wa kila kitu. Hapa ndipo wanaoanza wengi wanakosea, na ndipo miwani inapogeuka kutoka msaada kuwa udanganyifu. Ganda la chuma tupu ni mita 2.35. Weka fremu na kizuia joto cha sentimita 5 kila upande, kisha jipsam ya milimita 12, unabaki na mita 2.22 tu. Kama umemwonyesha mteja chumba cha 2.35, sentimita 13 zimepotea bila yeye kuambiwa, na hizo ndizo zinazotenganisha njia na kero.

Chukua kitanda cha 6 kwa 6. Godoro ni mita 1.83, lakini ubao wa kichwani na mbao za pembeni vinakifikisha karibu mita 1.95. Kichwa kikiegemea ukuta mrefu, miguuni zinabaki sentimita 27. Mtu mzima hapiti hapo, labda kiubavuubavu. Kitanda cha 5 kwa 6 kikilazwa sambamba na ukuta mrefu kinaacha kama sentimita 60, unapita vizuri, ila wa ndani lazima amruke wa nje usiku. Hayo yote mteja atayaona mwenyewe ndani ya dakika mbili, mradi ukuta umeuchora na unene wake.

Juu nako ni hivyohivyo. Kontena la kawaida likishawekwa siling bodi, kizuia joto na vigae, unabaki na mita 2.3 hivi. Ukining'iniza panga boi, mapanga yanashuka mpaka yanafikiwa na mkono wa mtu mrefu akivua shati. Lichore lizunguke hapo juu, kisha mwambie mteja anyanyue mikono. Wengi huchagua feni ya ukutani, au wanaongeza hela wapate haikyubu.

Na kama umeunganisha makontena mawili na kuondoa kuta za katikati, chora boriti au nguzo ambayo mhandisi ameidai. Usiifiche ili sebule ipendeze. Kuta za mikunjo za kontena ni sehemu ya nguvu yake, na uzito wa juu unashuka kupitia nguzo za kona. Ukikata uwazi mkubwa, lazima fremu ya chuma irudishe ile nguvu, na hiyo fremu mteja ataiona kila siku.

4. Weka swichi, soketi, kitasa na upande mlango unaofungukia. Haya madogo ndiyo miwani inayaonyesha vizuri kuliko karatasi. Jikoni, kaunta ya kina cha sentimita 60 inaacha mita 1.6 ya kusimama. Ongeza mlango wa friji ukiwa wazi, usiuchore umefungwa. Kwa zahanati au ofisi ya umma, weka duara la mita 1.5 sakafuni, hapo ndipo kiti cha magurudumu kinapogeukia. Duara likigusa meza, meza ndiyo ihame.

5. Punguza uzito wa modeli. Miwani inayojitegemea ina nguvu ya simu. Mimi najilazimisha kubaki chini ya pembetatu laki tano (vile vipande vidogo vinavyounda umbo la 3D) na faili lisilozidi megabaiti 20. Makosa makubwa hapa ni bomba la sinki lililopakuliwa lenye pembetatu nyingi kuliko nyumba nzima, na picha za vigae zenye ukubwa usio na maana. Picha ya pikseli 1024 kwa 1024 inatosha kwa karibu kila kitu. Kabla ya kutoa faili, chagua vitu vyote na uthibitishe vipimo kwa amri ya Blender iitwayo Apply Scale, kisha toa kama GLB.

6. Lifikishe kwenye miwani. Njia ya bure ninayoipendekeza ni ukurasa mdogo wa wavuti unaotumia A-Frame, zana ya bure ya kutengenezea kurasa za VR. Ukurasa unaita faili lako la GLB, unaupandisha kwenye GitHub Pages (huduma ya bure ya kuweka kurasa mtandaoni), kisha unaufungua kwa kivinjari kilicho ndani ya miwani na kubonyeza kitufe cha VR. Anwani lazima ianze na https, vinginevyo kitufe hicho hakifanyi kazi. Modeli ikishapakiwa, hata hotspoti ikikatika mteja anaendelea kutembea.

Faida nyingine ya njia hii: kiungo kilekile kinafunguka kwenye simu. Mteja aliye Muscat au London anayejenga Tanga au Unguja ataizungusha nyumba kwa kidole, na kama ana miwani yake ataingia ndani.

Wenye kompyuta ya Windows yenye kadi nzuri ya michoro wanaweza kutumia Twinmotion, programu ya kuonyesha majengo ya 3D, ambayo ni bure kwa biashara yenye mapato chini ya dola milioni 1 za Marekani kwa mwaka. Inapendeza zaidi. Lakini kwa uamuzi wa ukuta uende wapi, uzuri huo hauongezi kitu.

7. Andaa uwanja. Sehemu ya ndani ya kontena la futi 20 ina urefu usiofika mita 6. Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya mita 7 kwa 3, mteja anaweza kuitembea nyumba yake nzima kwa miguu yake, bila kubonyeza chochote. Hakuna dawa ya kizunguzungu inayoishinda hii. Ondoa waya, ndoo na vipande vya chuma, zima mashine za karibu, kisha vaa miwani uchore mpaka wa usalama. Bandika utepe sakafuni mahali palipo kizingiti. Simama juu ya utepe, angalia mbele, shikilia kitufe cha nembo kwenye rimoti mpaka mwelekeo ujipange upya. Kwa kuwa sifuri ya mchoro wako ipo mlangoni, nyumba itakaa pale unapotaka kila mara.

Kwa la futi 40, ligawe: tembeza sebule na jiko kwanza, kisha hamisha modeli uonyeshe vyumba.

Usifanye hivi juani. Jua likipenya kwenye lenzi linaunguza skrini ndani ya muda mfupi, na haitengenezeki. Miwani isiwekwe kamwe mezani huku lenzi zimeangalia juu, hata kwa dakika moja ya kupokea simu.

8. Hakikisha kipimo kabla mteja hajafika. Weka kwenye modeli kiti chenye vipimo vya kile kiti chako cha kweli, mahali palepale kilipo. Vaa miwani, nyoosha mkono. Ukigusa mgongo wa kiti pale macho yanapokuambia upo, kipimo ni sahihi. Ukiukosa kwa zaidi ya upana wa vidole viwili, tafuta tatizo sasa.

9. Mvishe mteja kwa heshima. Mweleze kwanza ataona nini na kwamba anaweza kuvua muda wowote. Mpe kitambaa kipya cha uso. Mwenye hijabu, kilemba au rasta anavaa juu ya alivyokuja, legeza tu mikanda na usimguse bila kumwomba. Mwenye miwani ya macho tumia kile kipande cha nafasi kinachosogeza lenzi mbali na uso. Rekebisha umbali kati ya lenzi mbili mpaka maandishi yasomeke. Aanze akiwa amekaa kwenye kiti, aangalie kushoto na kulia, ndipo asimame. Dakika 15 zinatosha kwa mara ya kwanza. Mwenye kifafa asivae. Mjamzito amuulize daktari wake kwanza. Watoto wadogo waangalie kwenye TV.

10. Nyamaza, mwangalie mwili wake. Wauzaji wengi huharibu hapa kwa kusimulia: "hapa ni jiko, hapa tumekuwekea kabati." Usimwelekeze. Mpe kazi ndogo: "Mama, umerudi usiku kutoka dukani, ingia uwashe taa." Kisha tazama mkono unaenda wapi. Ukipapasa ukuta wa kulia na swichi umeichora nyuma ya mlango, mteja ameshakujibu.

Mteja mmoja wa mgahawa mdogo alisimama kwenye dirisha la kuuzia, akaombwa ampokee mtu sahani. Kizingiti kilikuwa kimechorwa mita 1.2 kama ilivyo kwenye michoro mingi ya mtandaoni. Alinyanyua viwiko mpaka usawa wa mabega, akasema, "Nitafanya hivi kutwa nzima?" Kizingiti kikashushwa hadi sentimita 95 palepale. Kwenye karatasi alikuwa amekipitisha bila swali.

Kazi nyingine za kumpa: alale (akae kitandani kwa kutumia kile kiti), afungue friji huku mtu mwingine akipita nyuma yake, atoke nje na ndoo, afunge dirisha.

11. Badilisha palepale, lakini kwa mpaka. Andaa machaguo mawili au matatu tu mapema, kila moja kwenye kiungo chake. Yakizidi hapo mteja anachoka na kuanza kuchagua rangi badala ya mpangilio. Kila badiliko andika pamoja na athari yake ya bei, kabla hajavua miwani. Dirisha la ziada ni kukata, kuchomelea fremu, kupaka rangi ya kuzuia kutu na aluminiamu yenyewe. Asidhani ni bure kwa kuwa limetokea kwa kubofya.

12. Geuza makubaliano kuwa mchoro wa karakana. Grainda haifuati modeli, inafuata karatasi yenye vipimo. Toa mchoro wa kila ukuta ukiwa na umbali wa kila uwazi kutoka kona ya chuma, mhandisi aupitie, mteja asaini, nakala mbili. Modeli ya VR pia haichukui nafasi ya kibali cha ujenzi. Halmashauri itataka michoro iliyopigwa mhuri na mtaalamu aliyesajiliwa.

MAMBO AMBAYO MIWANI HAITAKUAMBIA

Haionyeshi joto, na kwa nyumba ya chuma hapa kwetu hilo ndilo swali la kwanza. Chumba kinachopendeza kwa mwanga wa saa kumi alasiri ndicho kitakachochemka, kwa sababu dirisha kubwa limeangalia magharibi. Tumia modeli kuangalia jua linaingia wapi: kwa Dar es Salaam, mwezi Juni jua hupita kaskazini na Desemba hupita kusini, kwa hiyo kivuli cha paa kihesabiwe pande zote mbili. Lakini kizuia joto, paa la pili na matundu ya kupitisha hewa mweleze mteja kwa mdomo na kwa sampuli mkononi.

Haionyeshi kelele za mvua juu ya bati, wala chumvi ya baharini inayokula maungio ya kuchomelea. Wala haionyeshi kama lori litaingia kwenye uchochoro wa kiwanja chake na winchi ipate pa kusimama. Kontena tupu la futi 20 ni zaidi ya tani 2. Nenda kiwanjani ukapime njia kabla hujamvisha mtu miwani.

IKIGOMA

Nyumba imekuwa kubwa kama uwanja, au ndogo kama kiberiti. Mchoro ulitoka kwenye programu iliyotumia milimita au inchi. Rekebisha kuwa mita, thibitisha vipimo, toa GLB upya.

Mteja anajiona amezama sakafuni au anaelea. Kimo cha sakafu kwenye miwani kimekosewa. Chora mpaka upya, gusa sakafu kwa rimoti unapoambiwa. Kama bado, sakafu ya modeli yako haipo kwenye sifuri.

Ukuta unaonekana kwa nje lakini ndani umetoweka. Nyuso zake zimegeuka. Kwenye Blender washa Face Orientation, zote zenye rangi nyekundu upande unaotazamwa zigeuze.

Vigae au mbao vimekuwa vyeupe. Ulitumia rangi za kutengenezwa na Blender yenyewe, ambazo GLB haizibebi. Badili kwa picha za kawaida.

Picha inakatakata na mteja anaona kichefuchefu. Modeli ni nzito. Mvue miwani kwanza, mpe maji, usimwambie avumilie. Futa samani za kupakua moja moja mpaka utembeaji uwe laini. Kama unamhamisha kwa rimoti, tumia kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine badala ya kuteleza. A-Frame ina nyongeza ya kazi hiyo, blink-controls.

Nyumba inahama au kutetemeka, hasa ukifanyia ndani ya kontena tupu. Kamera za miwani zinahitaji mwanga na vitu vya kutambua, na kuta za mikunjo zinafanana mwanzo mwisho. Weka taa, bandika mabango au makaratasi yenye michoro tofauti kila ukuta, kisha upange mpaka upya. Inafaa kujitaabisha, maana mteja akigusa ukuta wa kweli pale anapouona kwenye miwani, hakuna tena mjadala wa upana.

Ukungu kwenye lenzi. Ni jasho na unyevu wa pwani. Washa miwani dakika chache kabla, futa kwa kitambaa kikavu. Usipake spiriti wala dawa ya kusafishia vioo kwenye lenzi.

Betri inaisha katikati. Hesabu saa mbili hivi kwa chaji moja. Chomeka pawabenki, uiweke kwenye mfuko wa nyuma wa mteja, si kwenye waya unaoning'inia mbele ya miguu yake.

Mteja amefurahi, ila hataki kusaini. Mara nyingi mwenye uamuzi mwingine hakuja: mume, mke, au kaka anayetoa nusu ya hela. Mpe kiungo akakionyeshe nyumbani kwa simu, panga siku waje wote wawili, na umtembeze yule mgeni kwanza, peke yake, kwa kazi zilezile za hatua ya 10.